Mwanafunzi wa Kompyuta Asiye na Kompyuta

Kila mwaka majina ya waliopangiwa mikopo ya elimu ya juu yanapotoka, sisi waandishi hukimbilia idadi: wangapi wamepata, wangapi wamekosa, bilioni ngapi zimetengwa. Ni habari za maana, kwani fedha yenyewe si haba. Bajeti ya mikopo imekwishapita shilingi bilioni 700 kwa mwaka. Ila kuna swali ambalo orodha zile hazilijibu, na limenikaa rohoni kwa muda sasa. Huyu kijana aliyepangiwa kusoma sayansi ya kompyuta, akishalipiwa ada na kupewa hela ya kula, kompyuta anayo?

Wengi hawana. Nenda kwenye hosteli za vyuo vyetu vya umma jioni, siku chache kabla ya wanafunzi kukusanya kazi. Utamkuta kijana amekaa kwenye ngazi, karibu na soketi ya ukutani, anaandika programu ya Python kwa simu. Kibodi imekula nusu ya kioo, kwa hiyo anaona mistari michache tu ya kazi yake kwa wakati mmoja. Kila akitaka mabano au nukta mbili inambidi ageuze kibodi kwenda kwenye alama, kisha airudishe kwenye herufi. Python inataka nafasi za mwanzo wa mstari zilingane, moja ikizidi programu nzima inagoma, naye anazihesabu kwa ncha ya kidole. Pembeni ana kauntabuku. Humo ameandika kwa kalamu sehemu ndefu za kazi, ili kesho adamke, awahi maabara kabla mashine hazijajaa, anakili.

Mwenzake wa chumba kimoja ana laptopu. Kazi ileile ameimaliza kabla ya chakula cha usiku, na sasa anafanya jambo ambalo mhadhiri hakuliagiza: anaiunganisha programu yake na kanzidata, inakataa, anasaka kosa, inakubali. Wote wawili walikaa kwenye ukumbi mmoja wa mihadhara, wakasikia maneno yaleyale, na pengine mikopo yao imelingana hadi senti ya mwisho. Wakifika mwaka wa tatu, mmoja atakuwa mtengeneza mifumo anayetafutwa na waajiri kabla hajamaliza mtihani. Mwingine atakuwa anasubiri cheti.

Hoja yangu ni kwamba ufadhili wa wanafunzi wa kompyuta utolewe kwa kuangalia uhitaji, na kwamba uhitaji wa mwanafunzi wa fani hii usipimwe kwa ada peke yake. Upimwe pia kwa saa anazoweza kukaa na mashine.

Fani hii ina tabia yake. Mwanafunzi wa udaktari hujifunzia wodini, na wodi ni ya hospitali. Hakuna anayemwambia aje na kitanda. Wa sheria ana maktaba. Wa kompyuta hujifunza kwa kukosea: anaandika, programu inagoma, anasoma ujumbe wa kosa, anarekebisha, inagoma tena mahali pengine. Hilo hurudiwa mara nyingi mno kabla akili haijazoea kufikiri kwa namna kazi inavyotaka. Mhadhiri anaonyesha njia darasani kwa saa mbili. Yaliyobaki mtu huyafanya peke yake, mara nyingi usiku, kwenye mashine aliyoizoea, yenye programu alizoziweka mwenyewe na kazi yake ya jana mahali alipoiachia. Asiye na saa hizo hakosi somo moja au mawili. Anakosa fani yenyewe.

Nchi yetu ya Tanzania inaijua gharama ya kukosa saa hizo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mradi wa kompyuta wa Wizara ya Fedha kwenda mrama, na marufuku ile ikadumu hadi miaka ya tisini. Wanahisabati na wahandisi wengi wa kizazi kile waliisoma kompyuta vitabuni zaidi ya walivyoigusa. Mlango ulipofunguliwa tulianza kukimbiza dunia iliyokuwa imekwishafika mbali. Leo hakuna tangazo la serikali linalomzuia yeyote kununua kompyuta, lakini kwa mtoto wa mkulima wa korosho wa Newala bei inafanya kazi ileile iliyofanywa na tangazo la 1974.

Tuziangalie hesabu zake. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu una mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Fungu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, lilipandishwa kutoka 8,500. La vitabu na viandikwa ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Sasa ingia Kariakoo uulize bei ya laptopu iliyotumika, zile Dell na HP zinazoshushwa kwenye makontena, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, maana chini ya hapo programu ya kutengenezea aplikesheni za simu inajikokota mpaka mtu anakata tamaa. Utaambiwa laki nne, laki tano, laki saba, kutegemea muuzaji na hali ya betri. Bumu, yaani hilo fungu la chakula na malazi, la siku 60 ni laki sita. Ndani ya hiyo laki sita kuna chakula, chumba, nauli, sabuni, bando, na mara nyingi mdogo wake aliye kijijini anayesubiri kutumiwa hela ya sare. Vijana wengi walioinunua laptopu kwa bumu waliinunua kwa njaa. Wengine hukopeshana, wakalipana kwa bumu linalofuata, na bumu likichelewa urafiki unavunjika.

Familia nyingi za vijana hawa hazikuwahi kupata mtihani wa namna hii kabla. Tangu 2016 watoto wanasoma hadi kidato cha nne bila ada kwenye shule za serikali, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Ni sera iliyofungulia njia maelfu kwa maelfu, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Matokeo yake ni kwamba mzazi hukutana na gharama kubwa ya elimu kwa mara ya kwanza mtoto anapofika chuoni, na fani aliyochaguliwa ikiwa ya kompyuta, gharama hiyo inakuja na kifaa ambacho nyumba nzima haijawahi kukimiliki. Ukisoma barua ya kujiunga utakuta kifaa hicho kimetajwa kwa mstari mmoja, kama vile ni shuka.

Kuna watakaosema ufadhili upo. Ni kweli. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 ukitengewa shilingi bilioni 3, huwalipia vijana waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye masomo ya sayansi wanapojiunga na fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Si mkopo, hawadaiwi baada ya kuhitimu. Ni hatua kubwa, na nimefurahi kuona taifa linamwambia kijana wa fizikia na hisabati kwamba linamthamini. Lakini kigezo chake kikuu ni alama, na alama za kidato cha sita zinabeba ndani yake mambo mengi ambayo si ya mtahiniwa: shule ilikuwa na walimu wangapi wa hisabati, maabara ilikuwa na vifaa au makabati matupu, mwanafunzi alilala bweni au alitembea kwenda na kurudi.

Kwa haki, alama huwaokota maskini pia. Shule kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora na Kilakala zimekuwa zikichukua vijana wenye vipaji kutoka nyumba zisizo na kitu na kuwaweka bega kwa bega na watoto wa vigogo, nao wamefaulu. Tatizo ni kwamba huwezi kuitegemea njia hiyo peke yake. Kijana aliyepata daraja la pili kwenye shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa hisabati anaweza kuwa na kichwa chepesi kuliko aliyepata la kwanza kwenye shule iliyokamilika, na huyo wa shule ya kata ndiye ambaye shilingi ya umma ingemgeuzia maisha. Huyo mwingine angesoma hata tusingempa. Fedha ya ufadhili ikimfikia mtu ambaye angesoma vilevile bila hiyo, imemheshimu, haijamsaidia. Heshima ni kitu kizuri, na itengewe fungu lake. Fungu la uhitaji liwe la pekee, lisigombaniwe na wenye alama.

Ukishasema uhitaji, unaulizwa utaupimaje. Hapa ndipo pagumu, na sitaki kupapita haraka.

Bodi ya Mikopo hupima kwa nyaraka. Mwombaji ni yatima? Alete vyeti vya vifo vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kama ametoka huko. Ana ulemavu, au mzazi wake anao? Kuna fomu yake, yenye saini ya daktari. Sekondari alisomeshwa na mfadhili, au nyumbani kwao ni kaya maskini inayohudumiwa na mfuko wa TASAF? Athibitishe. Mfumo huu una faida moja kubwa: haumtegemei ofisa kumpenda au kumchukia mtu. Lakini unaona kile tu kilichoandikwa mahali fulani. Mama anayekaanga mihogo stendi ya Nangurukuru na kulea watoto wanne hana hati ya mshahara inayoonyesha kwamba mshahara hana. Baba wa watoto hao yumo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo si marehemu, ila hajakanyaga nyumbani tangu mtoto wa mwisho hajaota meno. Kijiji chao kina kaya za TASAF lakini wao walikosa siku ya uandikishaji. Kwenye karatasi, nyumba hiyo haina shida.

Yupo pia kijana wa namna nyingine, ambaye nimemsikia kwa masikio yangu kutoka kwa wazazi wa mikoa tofauti. Alisoma sekondari binafsi. Ada ililipwa na parokia, au na mjomba aliyekuwa na kazi nzuri, kisha mjomba akapunguzwa kazini au akafariki. Anapoomba mkopo, shule aliyosoma inamsemea kwamba nyumbani kwao wanajiweza. Anakata rufaa dirisha la rufaa likifunguliwa, anazunguka kutafuta mihuri ya serikali ya mtaa, na muhula unaanza akiwa bado kwenye korido za ofisi.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu kupima kwa undani zaidi. Mwaka 2023 walianzisha mfumo mpya wa kugharimia vyuo vikuu: kila mwanafunzi anajaza maelezo ya familia yake, chombo cha kupimia kipato kinamweka kwenye kundi, na kundi ndilo linaloamua anapata ruzuku kiasi gani, mkopo kiasi gani, na nyumbani watoe nini. Kufikia 2024 makundi yalikuwa matano. La chini kabisa lilipewa ruzuku ya asilimia 70 ya gharama ya masomo na mkopo wa asilimia 25, familia ikabakiwa na asilimia 5. La juu lilipewa ruzuku ya asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, familia ikatoa 40. Kwa fikra, ni mpango wenye haki kuliko wetu, kwa sababu unakubali kwamba maskini apewe ruzuku na si deni tupu. Kwa utekelezaji, ulizua kilio. Wazazi vibarua walikuta watoto wao wamewekwa kwenye makundi ya wenye nacho, wanafunzi wakaandamana, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka katiba, kwa sababu ya ubaguzi na kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Uamuzi ukakatiwa rufaa.

Wapo waliochukua mkasa ule wa Kenya kama ushahidi kwamba kupima uhitaji hakuwezekani. Mimi nimejifunza kingine. Chombo kimoja kilicho mji mkuu, kikimpima kijana wa Turkana kwa maswali yaleyale ya kijana wa Kisumu, kitakosea. Kipimo cha kwanza kinaweza kufanyika makao makuu, kwa nyaraka. Kipimo cha pili lazima kifanyike pale kijana alipo, na watu wanaomwona kila siku.

Kwenye idara ya kompyuta hilo ni jepesi kuliko mahali pengi. Kufikia wiki ya nne ya muhula wa kwanza, kiongozi wa darasa anajua nani ana mashine na nani anaazima. Mkufunzi wa maabara anajua nani anafika kabla ya mlango kufunguliwa na nani anafukuzwa usiku. Mhadhiri akiona kazi za wanafunzi wawili zimefanana kila kosa, anajua walitumia laptopu moja. Taarifa hizi zote zipo, hakuna anayeulizwa.

Mpango wa Wamarekani unanivutia zaidi ya mingine yote niliyoisoma, na unahusu fani hii hii. Mwishoni mwa miaka ya tisini kampuni za kompyuta za Marekani zililia kwamba wataalamu hawatoshi, zikaomba ruhusa ya kuajiri wageni wengi zaidi. Mwaka 1998 Bunge la nchi hiyo likakubali kupandisha kwa muda idadi ya viza za H-1B kutoka 65,000 hadi 115,000 kwa mwaka, lakini kwa sharti: mwajiri anayeomba viza hiyo alipe ada maalumu, dola 500 wakati ule, na sehemu ya ada hiyo iende kwa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ili iwasomeshe vijana wa Kimarekani wenye kipato cha chini katika sayansi ya kompyuta, uhandisi na hisabati. Ada ikapanda baadaye. Kwa sheria ya 2004 mwajiri hulipa dola 1,500, au 750 kama wafanyakazi wake hawazidi 25, na asilimia 30 ya makusanyo hayo huenda kwenye ufadhili huo, ambao leo unaitwa S-STEM.

Ifikirie maana yake. Mtanzania au Mkenya aliyehitimu kwa mkopo wa umma wa nchi yake, akiajiriwa Seattle kwa viza ya H-1B, mwajiri wake analipa ada inayomsomesha mtoto maskini wa Kimarekani ili siku moja aifanye kazi ileile. Siwalaumu, waliona mbali. Walikubali kuagiza ujuzi kutoka nje, na papo hapo wakamtoza anayeagiza gharama ya kuulea nyumbani.

Jambo la pili katika mpango ule ni kwamba fedha haigawiwi na ofisi moja kwa majina. Vyuo huandika maombi, vinaeleza vitawapataje wanafunzi wenye uhitaji na uwezo, vitawasimamiaje, vitawatafutia wapi mafunzo kazini. Chuo kikipewa, ndicho kinachochagua, kwa kipimo cha uhitaji kinachotumiwa na misaada ya serikali yao. Na chuo kinalazimika kumpa kijana zaidi ya hundi: mshauri wa kitaaluma, kundi la wenzake wanaosoma pamoja, njia ya kufika kazini. Walitambua kwamba mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo anaweza kuanguka hata akiwa amelipiwa kila kitu, kwa kuwa tu hana wa kumuuliza.

Karibu nasi kuna Kigali. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilifungua tawi pale mwaka 2011, na mwaka 2022 Mastercard Foundation ilitangaza dola milioni 275.7 za kukiimarisha, pamoja na kuwafadhili vijana wa Kiafrika kutoka familia zisizojiweza. Ni nafasi bora. Lakini pale ni shahada ya uzamili. Kijana wetu aliyemaliza shahada ya kwanza kwa kunakili kutoka kauntabuku hatafika kwenye usaili wa Kigali, au akifika atakutana na wenzake waliokuwa wakiandika programu kila usiku kwa miaka minne.

Kwa hiyo napendekeza nini? Ada na chakula viendelee kuwa mkopo kama ilivyo. Mkopo wetu una unafuu wake. Ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, iliyokuwa ikifanya deni lisiishe, iliondolewa mwaka 2021, na makato ya asilimia 15 ya mshahara yanavumilika kwa mwenye ajira. Juu ya mkopo huo uwekwe ufadhili wa uhitaji, usiorudishwa, kwa wanafunzi wa fani za kompyuta katika shahada na stashahada, wenye mambo matatu: mashine, intaneti, na gharama za kuishi wakati wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo.

La fildi halisemwi vya kutosha. Mafunzo kwa vitendo ndiyo mlango wa ajira katika fani hii, na nafasi zenye maana zimerundikana Dar es Salaam, kwenye makao makuu ya benki, kampuni za simu na kampuni changa za teknolojia. Mwanafunzi wa ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Kijitonyama, anaweza kutembea kwa miguu hadi jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kilipo kituo cha ubunifu cha Buni Hub, akaonana na watu wanaotengeneza mifumo. Mwenzake wa Dodoma au wa Mbeya asiye na ndugu Dar anapiga hesabu ya chumba na nauli, anaona posho ya fildi haifiki, anarudi kufanyia fildi ofisi ya halmashauri ya kwao. Huko anabadilisha wino wa printa na kupanga mafaili hadi siku zinaisha. Ripoti anaandika. Alama anapata. Alichojifunza anakijua mwenyewe.

Fedha itoke wapi? Tuna vyanzo ambavyo tayari vipo kisheria. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Kampuni za mawasiliano zinachangia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, ambao umesimamisha minara vijijini na kupeleka kompyuta mashuleni. Mnara ukifika kijijini, mtoto wa kijiji kile akafaulu, akaenda chuo kusomea mifumo inayopita kwenye mnara huo, kumnunulia mashine ni mwendelezo wa kazi ya mfuko uleule. Na tunalo la kuazima kwa Wamarekani: kila kampuni inayoomba kibali cha kazi kwa mtaalamu wa TEHAMA kutoka nje hulipa ada. Sehemu ya ada hiyo, hata iwe ndogo, ipelekwe kwa mwanafunzi ambaye kesho ataifanya kazi hiyo. Sidhani kama kuna mwekezaji atakayefunga virago kwa sababu hiyo.

Najua neno litakalofuata: watauza. Mpe mwanafunzi laptopu, mwezi wa pili iko sokoni. Hofu hii haina msingi wa kutosha kuzuia jambo. Mashine ibaki mali ya chuo, yenye namba ya usajili, hadi mwanafunzi ahitimu. Akiacha masomo anairudisha, akihitimu inakuwa yake. Na kama mtu anadhani serikali haiwezi kugawa vifaa kwa wingi, akumbuke sensa ya Agosti 2022. Vishikwambi zaidi ya 200,000 vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu baada ya kazi ile, mikoa yote. Tukishaweza vishikwambi laki mbili, mashine za wanafunzi wenye uhitaji wa fani moja haziwezi kutushinda.

Wapo pia wanaosema majengo yanatosha. Mradi wa HEET, kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, unajenga maabara na madarasa katika vyuo vya umma, na vyuo vyetu vilikuwa na njaa ya majengo hayo. Naunga mkono kila tofali. Lakini tumezoea kufadhili kinachozinduliwa kwa utepe, na laptopu ya kijana mmoja haizinduliwi na mtu. Hata mwaka 2021, serikali ilipoondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili wananchi wengi waingie kwenye intaneti, msamaha ule haukukaa. Mwaka uliofuata uliondolewa. Wanafunzi hawakuwa na wa kuwasemea mezani.

Na kwa nini kompyuta, si fani nyingine? Mwanafunzi wa usanifu majengo ana shida inayofanana na hii, wa uhandisi pia, nami nitafurahi wakifuata. Naanza na kompyuta kwa sababu nchi imekwishajifunga nayo. Mwombaji wa mkopo mwenyewe hulipia fomu yake kwa namba ya malipo inayotoka kwenye GePG, mfumo wa malipo ya serikali ulioandikwa na wataalamu wetu wa ndani na kuanza kazi 2017. Ushuru, leseni, faini za barabarani, vyote vinapita humo. Watakaoulinda na kuukarabati mfumo huo miaka kumi ijayo wako mwaka wa kwanza na wa pili sasa hivi, na sitaki wawe tu wale ambao wazazi wao waliweza kuwanunulia laptopu.

Mwongozo wa maombi ya mikopo huandikwa upya kila mwaka kabla dirisha halijafunguliwa. Wizara na Bodi waanze kidogo: chuo kimoja Dar es Salaam, kimoja Dodoma, kimoja Mbeya, kimoja Zanzibar kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi. Bodi itoe orodha ya kwanza kwa nyaraka, idara ziongeze majina zinazoyajua, na orodha ibandikwe ukutani kwa kanuni iliyo wazi ili anayeona ameonewa aseme mapema. Wafuatiliwe hadi wahitimu, na matokeo yachapishwe, yawe mazuri au mabaya. Na mashine zifike Novemba, muhula unapoanza. Zikifika Aprili, kozi ya kwanza ya kuandika programu itakuwa imekwisha, na wengi wao watakuwa wameshaamua kwamba fani hii si ya watu kama wao.